Siri ya mgonjwa ndani ya kompyuta ya hospitali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka pande zote mbili za dirisha. Wapo wagonjwa wanaotaka kujua kilichoandikwa juu yao kinakwenda wapi, na wapo wauguzi, makarani wa takwimu na maafisa TEHAMA wanaoshinda na taarifa hizo kutwa nzima. Nimejibu nikiitazama zaidi Tanzania na Kenya. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kila anayegusa taarifa ya mgonjwa, awe daktari, karani au mtunza seva, amefungwa na siri ileile.

Nikishajiandikisha mapokezi, taarifa zangu zinafika wapi?

Mbali kuliko wengi wanavyodhani. Chukua mtu aliyekwenda na homa kwenye kituo cha afya cha halmashauri, Tanzania Bara. Mapokezi wanaandika jina, umri, simu, mtaa anaoishi na namba ya bima kama anayo. Vituo vingi vya serikali vinatumia mfumo wa kompyuta wa GoTHOMIS, kwa hiyo dakika chache baadaye jina lake limeshatokea kwenye skrini ya chumba cha daktari. Daktari anaandika maelezo na kuagiza vipimo, maabara inarudisha majibu, dirisha la dawa linaona alichoandikiwa, na dirisha la malipo linaona bili. Kama ana bima, madai yanayokwenda kwenye mfuko yanabeba na jina la ugonjwa.

Mwisho wa mwezi hesabu za kituo zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011. Ripoti hizo za mwezi hazina majina. Zinasema malaria walikuwa wangapi, na wenye umri wa chini ya miaka mitano wangapi.

Kwa hiyo ziara moja imepita mbele ya macho ya watu watano au sita, na hilo peke yake si kosa, maana bila wao hutibiwi. Kosa linaanza pale mtu wa malipo anapoweza kusoma majibu ya maabara, au karani wa bima anapoweza kufungua historia ya miaka kumi kwa ajili ya dai la leo. Mfumo uliopangwa vizuri unampa kila mmoja kipande chake na kumfungia kilichobaki.

Sheria zinasemaje?

Tanzania, Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti, ambazo masharti yake ni makali kuliko ya jina na anwani.

Kenya, Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 inagusa moja kwa moja kufichuliwa kwa habari za faragha za mtu na familia yake bila ulazima. Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa mwaka 2019 na kuunda ofisi ya Kamishna wa Data. Inataka taarifa za afya zishughulikiwe na mtoa huduma za afya, chini ya usimamizi wake, au na mtu mwingine aliyefungwa na wajibu wa kutunza siri. Mwaka 2023 ikaongezwa Sheria ya Afya ya Kidijitali. Uganda ina sheria yake ya mwaka 2019, Rwanda ya mwaka 2021.

Sheria zipo, basi. Uvujaji ninaouona kila siku unatokea mahali ambapo hakimu hafiki: kaunta, simu ya mkononi, kompyuta iliyoachwa wazi.

Foleni ni ndefu. Kuna ubaya gani nikimwachia mwenzangu akaunti yangu?

Hili naulizwa kuliko yote, na wanaouliza ni wahudumu wenye nia njema. Sista anafungua mfumo asubuhi kwa nenosiri lake. Kompyuta ya wodi ni moja. Akitoka kwenda kuchoma sindano, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anakaa palepale na kuendelea. Mchana anakuja mwingine. Usiku zamu imebadilika lakini jina lililo juu ya skrini ni lilelile la asubuhi. Pembeni ya skrini kuna kipande cha plasta kilichoandikwa nenosiri kwa kalamu ya bluu, ili asipate taabu yeyote.

Sasa siku moja mtu anaingia na kusoma faili la jirani yake aliyelazwa baada ya mimba kuharibika. Habari zinafika mtaani. Mgonjwa analalamika, uongozi unaagiza kumbukumbu za mfumo zitolewe, na kumbukumbu zinataja jina moja: sista wa zamu ya asubuhi, ambaye saa hiyo alikuwa nyumbani amelala. Hana cha kujitetea nacho. Aliyefanya hajulikani na hatajulikana.

Kuna hatari nyingine inayogusa uhai. Dozi ikiandikwa kimakosa kwa akaunti ya mtu mwingine, daktari anayetaka kumuuliza aliyeiandika anampigia simu mtu asiyejua lolote. Kila akaunti ina mwenyewe ili kosa lirekebishwe kabla halijamfikia mgonjwa.

Najua jibu la "kila mtu na nenosiri lake" linachosha pale kompyuta ni moja na wagonjwa ni themanini. Ndiyo maana lawama zote siwabebeshi wauguzi. Mganga mfawidhi na afisa TEHAMA wana wajibu wa kurahisisha: kuingia kusichukue dakika mbili, skrini ijifunge yenyewe baada ya muda mfupi, mwanafunzi apewe akaunti yake yenye mipaka tangu siku anaporipoti. Utaratibu unaomlazimisha mtu achague kati ya kumhudumia mgonjwa na kufuata kanuni utavunjwa kila siku, na waliouweka wanalijua hilo.

Tuna grupu la WhatsApp la kushauriana kuhusu wagonjwa. Turuhusu?

Makundi haya yameokoa watu. Tabibu aliye peke yake kwenye zahanati ya kijijini anaweza kupata ushauri wa bingwa ndani ya dakika kumi, na sitaki kumwambia yeyote aache kuomba msaada. Tatizo ni namna picha zinavyotumwa.

Itazame picha moja ya kawaida. Ni karatasi ya majibu ya maabara, jina limefunikwa kwa kidole. Juu kulia namba ya hospitali inasomeka vizuri. Chini kuna tarehe, na jina la wodi. Nyuma ya karatasi unaonekana mguu wa mgonjwa wenye kovu ambalo ndugu yeyote angelitambua. Picha ikishatumwa inakaa kwenye simu za wanakikundi wote, inajihifadhi kwenye matunzio pamoja na picha za harusi, na mtoto akichukua simu ya baba kucheza gemu anakutana nayo.

Ujumbe wa WhatsApp umesimbwa njiani, yaani asiyehusika hawezi kuusoma, ni kweli. Usimbaji huo haumzuii mpokeaji kupiga picha ya skrini, wala haumwondoi kwenye grupu mtumishi aliyehama kituo mwaka juzi.

Kama hakuna mfumo rasmi wa kushauriana, ninachopendekeza ni hiki: mwombe mgonjwa ruhusa kwa lugha anayoielewa, eleza hali kwa maneno badala ya kupiga picha kila inapowezekana, kata picha ibaki sehemu inayohitajika tu, zima kujihifadhi kwenye matunzio, na jibu likishapatikana futa, kisha uandike ushauri uliopewa kwenye faili la mgonjwa. Msimamizi wa grupu apitie majina mara kwa mara. Picha za maiti, za majeruhi wa ajali na za wazazi wakiwa leba zisipigwe kwa simu binafsi hata kidogo. Hapo sioni nafasi ya majadiliano.

Mume wangu anaweza kwenda kuomba majibu yangu?

Anaweza kuomba, lakini ndoa haimpi ufunguo wa faili lako. Mhudumu anatakiwa kumwambia kwa heshima kwamba majibu ni ya mwenyewe, na kama mnataka mje pamoja. Kwa VVU, sheria za Tanzania (2008) na Kenya (2006) zina vifungu vyake kuhusu nani anaweza kujulishwa. Huo ni uamuzi wa kitabibu wenye utaratibu na ushauri nasaha, na haufanywi na karani wa mapokezi kwa sababu shemeji amesisitiza.

Mwajiri hanunui majibu yako kwa kukulipia matibabu. Anachostahili kwa kawaida ni kujua kama unafaa kazi au unahitaji mapumziko ya siku kadhaa. Jina la ugonjwa halimhusu. Polisi nao waje na utaratibu wa kisheria wa maandishi, na kituo kiweke kumbukumbu ya kilichotolewa, kwa nani, na kwa msingi gani.

Mzazi wa mtoto mdogo anapewa. Kwa kijana wa miaka 16 au 17 aliyekuja mwenyewe kutafuta huduma za uzazi, miongozo ya nchi inatofautiana, na mhudumu aifahamu kabla kijana hajaketi mbele yake.

Dawa zangu zinatajwa kwa sauti dirishani. Hilo nalo ni suala la TEHAMA?

Ni suala la siri, na TEHAMA inaweza kulisaidia au kulizidisha. "Nani mwenye hizi dawa za kifua kikuu?" ni sentensi inayosikika hadi benchi la mwisho. Mfumo wa kuita kwa namba ya foleni unaimaliza. Lakini nimeona pia skrini kubwa ukutani ikionyesha jina kamili na kliniki anayokwenda mtu, na hapo teknolojia imefanya kazi ya mdomo wa dirishani, tena kwa herufi kubwa. Namba peke yake inatosha.

Serikali ikitaka orodha ya majina kwa ajili ya kupanga huduma, si ni kwa faida yetu?

Nia njema haitoshi, na Kenya ilishalipitia hili mahakamani. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU, walezi wao, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha walio na virusi. Lengo lililotajwa lilikuwa kupanga huduma. Shirika la KELIN, linalotetea haki za afya, na wenzake walikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi, wakasema kukusanya majina namna hiyo kunamuunganisha mtoto na hali yake mbele ya watu wasiohusika na matibabu yake.

Desemba 2016 mahakama ilikubaliana nao: agizo lilivunja haki ya faragha na maslahi ya mtoto. Ikaamuru yaliyokwisha kusanywa yawekwe kwa namba za siri, ili jina la mtu lisiunganishwe na hali yake.

Nalipenda shauri hili kwa sababu linauliza swali ambalo kila anayebuni fomu au programu angepaswa kujiuliza. Ili kupeleka dawa za kutosha wilayani, unahitaji kujua watoto ni wangapi na wako vituo gani. Majina ya nini? Safu ya jina ikiwekwa kwenye jedwali kwa mazoea tu, siku moja jedwali hilo litatumwa kwa mtu asiyefaa, na jina litakuwemo.

Tukiondoa majina, data inakuwa salama kuitoa kwa watafiti?

Salama zaidi, ndiyo. Salama kabisa, hapana. Miaka ya 1990 jimbo la Massachusetts, Marekani, lilitoa data za matibabu za watumishi wake baada ya kuondoa majina. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi wa uzamili, alinunua daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge kwa dola 20, akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta, na akalipata faili la gavana William Weld mwenyewe. Baadaye akaonyesha, kwa kutumia sensa ya mwaka 1990, kwamba vitu hivyo vitatu vinatosha kumtofautisha karibu asilimia 87 ya Wamarekani.

Kwetu namba ya posta haina nguvu hiyo, lakini kijiji kinayo. Andika "mwanamke, miaka 34, mwalimu, amejifungua pacha kwa upasuaji mwezi Machi", taja na kata, na kila mtu wa kata hiyo ameshamjua. Wanaotoa data wazitoe kwa makundi ya umri, waondoe tarehe kamili, wafiche makundi yenye watu wachache mno, na wamfunge mtafiti kwa mkataba kwamba hatajaribu kumtambua mtu. Kibali cha maadili kitangulie. Kwa Tanzania, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ndiyo yenye kamati ya kitaifa.

Nilitia sahihi fomu. Je, nimeshatoa ridhaa kwa kila kitu?

Hapana. Ridhaa ni ya jambo uliloelezwa. Uliyekubali kupasuliwa hukukubali picha ya upasuaji wako iwe kwenye tangazo, wala hukukubali namba yako ya simu iuzwe kwa kampuni ya vidonge vya lishe. Fomu ya kurasa sita kwa Kiingereza, kidole gumba kikibandikwa chini na mama asiyejua kusoma huku uchungu umemkamata, kwangu si ridhaa hata kama mwanasheria ataipokea. Isomwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani kwake, aachiwe nafasi ya kuuliza, na ajue kwamba akikataa utafiti bado atatibiwa vilevile.

Mgonjwa amepoteza fahamu na daktari hana ruhusa ya kufungua faili lake. Siri imuue?

Isimuue. Mifumo mizuri ina njia ya dharura: daktari anafungua, mfumo unamtaka aandike sababu, na siku inayofuata mtu mwingine anapitia kama sababu ilikuwa ya kweli. Pasipo mapitio hayo, ndani ya miezi michache kila mtu atakuwa na dharura.

Mfumo ukidukuliwa kunatokea nini?

Mambo mawili, na watu hukumbuka moja tu. La kwanza ni siri kutoka nje. Kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo, Finland, kiliibiwa maelezo ya wagonjwa wapatao 33,000, yakiwemo waliyoyasema chumbani kwa mtaalamu. Mwaka 2020 mdukuzi aliidai kampuni bitcoin 40. Alipokosa, akawageukia wagonjwa mmoja mmoja akiwataka euro 200 kila mtu. Hebu fikiria ujumbe huo ukiingia kwenye simu ya mtu aliyemweleza mtaalamu jambo ambalo mkewe halijui. Kampuni ilifilisika mwaka uliofuata, lakini maneno yalishaachiliwa na hayarudi.

La pili ni huduma kusimama. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza, na maelfu ya miadi ikafutwa. Mgonjwa asiyetibiwa kwa sababu faili lake halifunguki amedhulumiwa sawa na yule ambaye siri yake imetoka. Kwa hiyo nakala rudufu itunzwe mbali na mfumo wenyewe, na mara kwa mara mjaribu kuirudisha. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa msiihesabu.

Kenya, sheria inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu uvujaji ugunduliwe pale ambapo kuna hatari ya kweli ya madhara kwa mtu. Mgonjwa naye aambiwe, kwa lugha nyepesi: nini kimetoka, lini, na afanye nini.

Mimi ni mtengenezaji wa programu, sikula kiapo cha udaktari. Wajibu wangu ni upi?

Ni uleule. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa TEHAMA ya tiba, IMIA, ina kanuni zake za maadili tangu mwaka 2002. Kwa kazi ya kila siku naona mambo matatu yanayosahaulika. Usijaribie programu mpya kwa data halisi ya wagonjwa. Tunga watu wa kubuni. Usichukue nakala ya kanzidata kwenye kompyuta mpakato "nikamalizie nyumbani", maana mpakato huibwa kwenye daladala. Na mkataba ukiisha, akaunti yako ifungwe siku hiyohiyo; ukikuta bado inafunguka, toa taarifa.

Hayo yanahusu pia programu za akili unde. Kubandika maelezo ya mgonjwa kwenye programu ya umma ili ikuandikie muhtasari ni kuyatoa nje ya hospitali, pengine nje ya nchi, na sheria za Kenya na Tanzania zina masharti juu ya kupeleka taarifa binafsi ng'ambo.

Naamini siri yangu imevuja. Nianzie wapi?

Anza na ushahidi kabla haujafutwa: picha ya skrini ya ujumbe, tarehe, saa, nani alikwambia. Kisha mwandikie barua mganga mfawidhi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwenye barua omba jambo moja mahususi: orodha ya walioingia kwenye faili lako, tangu tarehe fulani hadi fulani. Malalamiko ya jumla hujibiwa kwa jumla. Ombi la orodha linawalazimu waifungue kompyuta.

Usipojibiwa, Tanzania unaweza kwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kama aliyevujisha ni daktari au muuguzi, kwenye baraza la taaluma yake. Kenya nenda kwa Kamishna wa Data. Hukohuko Kenya mambo ya VVU yana baraza lake maalumu la mashauri lililoundwa na sheria ya mwaka 2006. Kama unaogopa jina lako litatajwa tena wakati wa shauri, waambie mapema, kwa maandishi, kwamba unaomba litajwe kwa herufi za kwanza tu. Mahakama za Kenya zimesikiliza mashauri ya aina hii kwa herufi hizo.